Hukumu ya maneno arobaini: filamu za aina tofauti zipimwe kwa kipimo kipi?

Mwalimu_wa_Makole (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni kutoka Dodoma.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa mjini. Mhariri wa gazeti moja la mwisho wa juma amenipa nafasi katika ukurasa wa burudani, na masharti yake ni mafupi: filamu nane kila toleo, maneno yasiyozidi arobaini kwa kila filamu, na mwishoni nyota kati ya moja na tano. Orodha anaipanga yeye, tena anaichanganya kwa makusudi ili kila msomaji akute angalau filamu moja inayomhusu. Katika orodha ya kwanza zimo Sholay, filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, Hatari!, filamu ya Marekani iliyopigwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962. Ladri di biciclette ya Mwitalia Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Na tatu za kwetu, ambazo ni Maangamizi, Binti na Vuta N'Kuvute. Mbili zilizobaki bado anazitafuta.

Ugumu wangu wa kwanza ni kipimo. Sholay inakwenda zaidi ya saa tatu, ina nyimbo, vichekesho, urafiki na kisasi, na haioni haya kuvichanganya vyote. Filamu ya De Sica inamfuata baba na mwanawe wakitafuta baiskeli iliyoibwa mjini Roma, na inakwisha kwa nusu ya muda huo. Nikizipa zote mbili nyota tano, je, nitakuwa nimesema kwamba zinalingana? Nikiipunguzia ya Kihindi kwa sababu ya nyimbo, nitakuwa nimeihukumu kwa sheria ambazo haikuahidi kuzifuata.

Ugumu wa pili ni hizi za nyumbani. Mwalimu mwenzangu ananiambia kwamba msanii wa Kitanzania anafanya kazi katika mazingira magumu, kwa hiyo alegezewe kamba. Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar. Je, heshima hiyo ya kihistoria inaongeza nyota, au inatajwa tu pembeni?

Ili msiseme ninauliza bila kujaribu, hii hapa ni rasimu yangu ya Vuta N'Kuvute: “Filamu nzuri sana yenye picha za kuvutia na waigizaji mahiri. Hadithi yake inasisimua na kufundisha, na inaonyesha historia yetu kwa namna ya kipekee. Kila Mtanzania anapaswa kuitazama pamoja na familia yake. Nyota nne.” Mhariri ameikubali kwa furaha. Mimi ndiye sijaridhika nayo.

---

Mhariri_Mstaafu

Mwalimu, karibu katika kazi yenye lawama nyingi na malipo madogo. Niliwahi kusimamia kurasa za burudani kwa miaka mingi, kwa hiyo nikianza kufundisha kupita kiasi mnikatize.

Nianze na nyota, kwa sababu ndizo zinazokunyima usingizi ilhali ndizo zenye uzito mdogo kuliko vyote. Desturi ya kuzipa filamu nyota magazetini inahesabiwa kuanzia tarehe 31 Julai 1928, siku ambayo Irene Thirer wa gazeti la Daily News la New York aliipa filamu iitwayo The Port of Missing Girls nyota moja, na ngazi yake ilikuwa na nyota tatu tu. Baadaye kila gazeti lilijitungia ngazi yake. Roger Ebert, aliyeandika katika Chicago Sun-Times kuanzia mwaka 1967 hadi alipofariki mwaka 2013, alitumia nyota nne, na wengine wanatumia tano kama mhariri wako anavyotaka. Nyota tatu za Thirer zilikuwa kilele, nyota tatu za Ebert zilimaanisha filamu nzuri, na nyota tatu kati ya tano ni filamu ambayo mtu anaitazama kwa sababu umeme umerudi na hana kazi nyingine. Alama ileile, maana tatu. Msomaji huanza kuielewa alama baada ya kumzoea mwandishi, akajua anachokipenda na anachokichukia, na hilo huchukua matoleo mengi.

Kuhusu kipimo, Ebert huyo alieleza mwaka 2004 kwamba nyota zake ni za ulinganisho na wala hazitoki mbinguni: mtu akikuuliza kama filamu fulani ya shujaa wa vibonzo inafaa, anataka kujua inafaa kwa kulinganishwa na nyingine za mashujaa wa vibonzo, hakuulizi kama inaifikia tanzia nzito. Naikubali kanuni hiyo, ila ina sharti ambalo wengi hulisahau. Ikiwa unapima filamu ndani ya aina yake, basi sentensi ya kwanza ya hukumu yako lazima imwonyeshe msomaji aina hiyo, tena imwonyeshe kwa tendo la hadithi. Ukiandika “filamu ya mapigano na mahaba” hujasema kitu. Ukiandika kwamba katika Sholay wezi wawili wameajiriwa na ofisa wa polisi aliyekatwa mikono ili wamkamate jambazi aliyemkata, msomaji amekwisha kujua kama hiyo ni filamu ya kutazama na wakwe zake au hapana.

Sasa rasimu yako. Naomba ufunike jina la filamu kwa kidole, kisha usome upya. Hukumu hiyo inaifaa filamu yoyote iliyotengenezwa Bagamoyo, Lagos au Mumbai. Hakuna Zanzibar ndani yake, hakuna Yasmin wala Denge, wahusika wake wakuu, hakuna Waingereza. “Picha za kuvutia” ni picha za nini? Kichochoro? Bahari? Uso? Kila hukumu fupi inapaswa kubeba angalau kitu kimoja kilichoonekana au kusikika ambacho kipo katika filamu hiyo peke yake. Hicho ndicho ushahidi wako kwamba uliitazama, na ndicho kinachompa msomaji nafasi ya kutokubaliana nawe. Mtu hawezi kubishana na “nzuri sana”. Anaweza kubishana na mtu anayedai kwamba vivuli vya filamu hiyo vinazungumza kuliko waigizaji wake.

Wala usidhani kwamba maneno arobaini ni machache. Leonard Maltin, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa filamu kilianza kutolewa mwaka 1969 na kuendelea hadi 2014, alijaza maelfu ya hukumu za aina hii katika toleo moja. Kuna filamu ya mwaka 1948 ambayo jina lake ni swali, Isn't It Romantic?, yaani inauliza kama haya si mahaba. Maltin aliijibu kwa neno moja: hapana. Huo ulikuwa mzaha wa mtu aliyekwisha kujulikana. Wewe bado, kwa hiyo tumia arobaini zako zote.

---

Kibanda_Nkuhungu

Mwalimu, shikamoo. Shikamoo pia Mzee Mhariri.

Mimi ninaendesha kibanda umiza maeneo ya Nkuhungu, na wateja wangu wengi ni waendesha bodaboda, mafundi ujenzi na vijana wanaoshusha mizigo sokoni. Jioni za mechi ndizo zinazolipa pango, na filamu zinajaza saa zinazobaki. Nimekuwa nikibandika kurasa za filamu za magazeti kando ya mlango, kwa hiyo naweza kuwaeleza jinsi watu wanavyozisoma. Sijawahi kusikia mteja akiuliza filamu ina nyota ngapi. Wanauliza inahusu nini, steringi ni nani, inachukua muda gani, na kama imetafsiriwa.

Hilo la mwisho nawaomba mlitafakari, kwa sababu naona wahakiki wa magazeti wanaandika kana kwamba halipo. Filamu nyingi za nje zinazotazamwa vibandani zina sauti ya mtafsiri juu yake, kwa namna iliyojulikana sana tangu enzi za mtafsiri Lufufu. Mtafsiri anaigiza sauti za watu wote peke yake, anaeleza mila za Wahindi au za Wachina pale anapoona watu watapotea, anaongeza utani wake, na jambazi wa Mumbai anaweza kujikuta akitishia kumpeleka mtu Manzese. Mara nyingine nyimbo zinakatwa ili kuokoa muda. Mwalimu akiitazama Sholay yenye maandishi ya chini, halafu mteja wangu akaitazama iliyotafsiriwa, hawa wawili wametazama kazi mbili ambazo zina picha zilezile. Mwandishi aseme basi ametazama ipi.

Jambo jingine ni muda. Filamu inayozidi saa tatu siwezi kuiweka kati ya mechi mbili, na kijana anayeitazama nyumbani kwa simu anakula bando lote kabla adui hajauawa. Kwa watu wa namna hiyo, dakika ni sehemu ya bei, na gazeti linaloacha kuzitaja limewaficha bei.

Tena kuna watoto. Najua kwamba kazi ya kupanga madaraja ya umri ni ya Bodi ya Filamu, kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, na mhakiki hana mamlaka hayo. Lakini mama anayemwachia mwanawe hela ya kuja kwangu Jumamosi asubuhi anasoma gazeti, hasomi sheria. Neno moja kuhusu damu au mambo ya chumbani linamsaidia kuliko nyota zote.

---

Kijana_wa_Ng'ong'ona

Ninasoma chuo hapa Dodoma na filamu ndiyo shauku yangu kubwa, kwa hiyo naomba niongeze jambo kuhusu namba, maana baada ya nyota sasa watu wengi wanatumia asilimia.

Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanza mwaka 1998, hukusanya hukumu za wahakiki na kuziweka katika makundi mawili tu, iliyopendwa na isiyopendwa. Asilimia inayoonekana ni sehemu ya wahakiki walioipenda, na ikifika sitini filamu huhesabiwa kuwa imefaulu. Watu wengi huisoma kama alama ya mtihani, na hapo ndipo wanapopotea. Chukua filamu ambayo wahakiki mia moja wameiona kuwa ya kawaida, isiyoudhi, ya kutazamwa na kusahauliwa. Kila mmoja akisema “inafaa”, itapata asilimia mia. Chukua nyingine ambayo wahakiki sitini wanaiona kuwa kazi ya karne na arobaini wanaichukia; itapata sitini. Mimi ningekwenda kutazama ya pili. Metacritic, iliyokuja mwaka 2001, hujaribu kurekebisha hilo kwa kutafuta wastani wa alama zenyewe, lakini wastani nao huficha ugomvi, na ugomvi ndio unaoniambia kwamba filamu ina kitu ndani yake.

Kwa hiyo Mwalimu, nadhani thamani ya safu yako ni kwamba ni hukumu ya mtu mmoja mwenye jina, anayeweza kuulizwa. Usiandike kana kwamba unatangaza matokeo ya kura.

Wala usihofu kutofautiana na watazamaji. Sholay yenyewe ilipotoka Agosti 1975 wahakiki wengi waliiponda na wafanyabiashara wa filamu wakaanza kuizika, kisha ikaendelea kuonyeshwa katika ukumbi wa Minerva mjini Mumbai kwa miaka mitano. Marekani nako, mhakiki Bosley Crowther wa New York Times aliishambulia filamu ya Bonnie and Clyde mwaka 1967, akairudia na kuishambulia tena, wakati Pauline Kael aliandika makala ndefu ya kuitetea katika The New Yorker na Ebert kijana akaisifu. Mhakiki wa Newsweek, Joe Morgenstern, alifanya jambo ambalo ni nadra: aliiponda, akaenda kuitazama upya kati ya watazamaji wa kawaida, na wiki iliyofuata akachapisha maoni yaliyopinga ya kwake mwenyewe. Mapema mwaka uliofuata Crowther alikuwa ameondoka kwenye kiti chake. Sisemi kwamba umati husema kweli siku zote. Nasema kwamba Morgenstern alikumbukwa kwa sababu alitoa hoja mara zote mbili, na msomaji aliweza kuona ni kitu gani kilichobadilika.

---

Mama_wa_Kondoa

Nimesoma michango yote kwa makini na ninaomba niipinge kanuni ya Mzee Mhariri, kwa heshima zote.

Ukisema kila filamu ipimwe ndani ya aina yake tu, umeifungulia mlango filamu dhaifu ya kundi dhaifu ijichukulie nyota nne kwa kuwa ndugu zake ni wabaya zaidi. Kuna miaka ambayo vichekesho vyote vinavyotolewa havichekeshi. Je, kile ambacho kimetuchekesha mara mbili kipewe nyota tano? Naona ni lazima kuwe na sakafu ya pamoja ambayo kila filamu, iwe ya ngumi, ya mapenzi, ya watoto au ya kumbukumbu halisi, inapaswa kuisimamia: mazungumzo yasikike, mtazamaji ajue nani yuko wapi na anataka nini, na tukio linalofuata litokane na lililotangulia. Juu ya sakafu hiyo ndipo tuanze kuzungumza kuhusu aina.

Hapo ndipo ninapowakuta wanaotaka msanii wa kwetu alegezewe kamba. Hoja ya bajeti ndogo ni ya kweli, lakini haifiki mbali kama inavyosukumwa. Bajeti ndogo inaeleza kwa nini hakuna helikopta wala umati wa wanajeshi. Haielezi kwa nini muziki unafunika maneno ya mwigizaji, kwa nini mtu anashuka kwenye gari kwa dakika nzima bila sababu, au kwa nini hadithi iliyotosha saa moja na nusu imekatwa katikati ili sehemu ya pili iuzwe peke yake. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ina dakika kama thelathini na sita, na katika dakika hizo mke kijana anayewaogopa waganga wa jadi anafikishwa mbele ya hofu yake bila picha hata moja ya ziada. Ufupi haugharimu fedha.

Kisha kuna historia ambayo vijana wengi hawafundishwi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, kule Usambara, wa kuwatengenezea Waafrika wa Afrika Mashariki filamu za mafunzo ya kilimo, afya na kodi. Mradi huo ulijengwa juu ya dhana kwamba mtazamaji Mwafrika anahitaji filamu ya taratibu na rahisi kwa kuwa ya kawaida itamshinda. Mhakiki wa leo anayeandika kwamba filamu fulani “kwa Tanzania imejitahidi” anairudisha dhana ileile kwa mlango wa nyuma, na safari hii anawatukana watu wawili kwa pamoja, aliyeitengeneza na anayeitazama. Amil Shivji, aliyeongoza Vuta N'Kuvute, aliipeleka filamu yake katika tamasha la Toronto mwaka 2021 ikakaa kwenye ratiba moja na filamu za nchi nyingine, kwa hiyo anaweza kustahimili hukumu ya ukurasa wa Dodoma.

Jibu langu kuhusu Maangamizi ni kwamba heshima ya kuwa ya kwanza itajwe kama una nafasi, ila isigeuzwe kuwa nyota. Na kusema kweli, katika maneno arobaini sidhani kama utakuwa nayo.

---

Mhariri_Mstaafu

Mama, nakubali sakafu yako, na ninaomba iandikwe katika kijisanduku chini ya safu ili wasomaji waijue. Ninachokikataa ni paa la pamoja. Filamu ya kuchekesha iliyofika mwisho wa uwezo wa vichekesho isiambiwe kwamba imebakiza nyota moja kwa kuwa haikututoa machozi.

Kibanda, hoja yako ya tafsiri ni nzito kuliko unavyoiweka. Wakati wangu tulijifanya hatuioni kwa sababu tuliiona kuwa si sanaa.

---

Mwalimu_wa_Makole (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimekaa na michango hii nikaandika upya, na ninaweka sita hapa ili mzichambue bila huruma. Mbili zilizobaki mhariri bado hajazileta.

*Sholay* (India, 1975). Wezi wawili wanaajiriwa na ofisa wa zamani wa polisi ili wamkamate Gabbar Singh, jambazi aliyemkata mikono. Saa tatu na zaidi zenye nyimbo, vichekesho, urafiki na kisasi. Adui anatawala kila tukio analoingia, hata analotajwa tu. Ukipata isiyokatwa nyimbo, chagua hiyo. Damu ipo. Nyota tano.

*Hatari!* (Marekani, 1962). Wakamataji wa wanyama wanawakimbiza vifaru na twiga uwandani, na waigizaji wenyewe ndio waliomo magarini. Mbio hizo bado zinakausha koo. Mahaba ya kambini yamechakaa, na wenyeji wa Tanganyika wanashika kamba kuliko wanavyozungumza. Zaidi ya saa mbili na nusu. Nyota tatu.

*Ladri di biciclette* (Italia, 1948). Baba anaibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana kazi ya kubandika mabango, naye anaizunguka Roma akiitafuta pamoja na mwanawe. Haina rangi, haina ngumi. Mtazame mtoto anavyomtazama baba yake katika dakika za mwisho. Nyota tano.

*Maangamizi* (Tanzania, 2001). Daktari kutoka Marekani anakutana na Samehe, mgonjwa aliyenyamaza miaka mingi hospitalini. Amandina Lihamba anaigiza kwa macho na mabega, na inatosha. Mazungumzo ya wengine yanaeleza mno kile ambacho uso wake umekwisha kusema. Nyota tatu.

*Binti* (Tanzania, 2021). Seko Shamte anasimulia habari za wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na mzigo anaouficha. Wanaigiza kwa utulivu ambao filamu zetu huuogopa. Hadithi nne ni nyingi kwa muda huo. Kila moja inaondoka pale inapoanza kuuma. Nyota tatu.

*Vuta N'Kuvute* (Tanzania, 2021). Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin anaitoroka ndoa aliyolazimishwa na kukutana na Denge, kijana anayewapinga Waingereza. Vichochoro na vivuli vinasema kuliko mazungumzo. Riwaya ya Adam Shafi ina watu wengi zaidi; mwanafunzi wa kidato cha sita asikiache kitabu. Nyota nne.

Hiyo sentensi ya kidato cha sita nimeiweka kwa ubinafsi wa kazi yangu, kwa sababu wanafunzi huniuliza kila muhula kama filamu inatosha kujibia mtihani. Haitoshi.

---

Mama_wa_Kondoa

Binti umeitendea haki kuliko nilivyotarajia, ingawa mimi ningeipa nne. Utulivu wa waigizaji ulioutaja ndio uliopaswa kubeba nyota ya nne, maana ni wao waliozifanya hadithi hizo fupi ziume hata hapo zinapouma. Naona tumefikia mahali ambapo tunabishana juu ya kitu kinachoonekana kwenye filamu, na sitaki kukushawishi zaidi.

---

Kibanda_Nkuhungu

Ya Hatari! nitaibandika mlangoni, kwa sababu vijana wanapenda sana kujua kama wanyama ni wa kweli. Kwenye Sholay umesema kuhusu nyimbo, lakini hujasema kama iliyotafsiriwa inapatikana. Wateja wangu wataniuliza mimi, kisha lawama itakuwa yangu.

---

Mhariri_Mstaafu

Mwalimu, hiyo Sholay imezidi neno moja, nyota zikiwa hazihesabiwi, na mhariri wako ataikata mahali pabaya usipoikata wewe. Nilitaka kuondoa “Damu ipo”, lakini nimewakumbuka akina mama wa Jumamosi asubuhi. Andika “polisi mstaafu” badala ya “ofisa wa zamani wa polisi”, utaokoa maneno matatu. Moja ni la deni lako. Mawili yaliyobaki yaandike mwishoni, kabla ya nyota: “Iliyotafsiriwa ipo.”